Kiporo cha Dereva

Kuna maneno ambayo mtu mwingine akiyasikia atapiga miayo, na wewe ukiyasikia unatafuta pa kukaa. Mama Pindo aliambiwa maneno ya namna hiyo Jumamosi asubuhi, kwa simu, akiwa amesimama jikoni na kikombe cha chai. Mumewe aliuliza hali ya nyumba, akauliza hali ya dada yake, akauliza kama mvua zimeanza. Kisha akakohoa kidogo na kusema, "Halafu, lile gari. Tafuta fundi amalize ile kazi. Usiningoje mimi."

Wanawake wangapi wameambiwa na waume zao watafute fundi, wakashukuru Mungu? Mama Pindo hakushukuru. Aliitikia "haya," akakata simu, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa kana kwamba ndicho kiti, na chai ikampolea mkononi.

Ili uelewe, ni lazima umjue huyo mume. Kila mtu alimwita Dereva, mkewe akiwemo, na hata siku ya harusi yao mshereheshaji alimtaja hivyo na hakuna aliyecheka. Dereva alikuwa na sharti moja alilorithi kwa mzee aliyemfundisha kazi: hakuna kuanza safari ndefu bila kuacha kazi nusu nyumbani. Mtu aliyemaliza kazi zake zote, alisema yule mzee, barabara humwona hana anachorudia, ikambakiza hukohuko. Kwa hiyo kila safari Dereva aliacha kiporo chake. Mara rafu ya ukutani yenye skrubu tatu badala ya nne, mara mlango uliopakwa rangi upande mmoja, mara kifungo cha shati kinachoning'inia kwa uzi. Fikiria aibu hiyo: mke ni fundi cherehani, tena anaitwa Mama Pindo kwa sababu hakuna aliyemshinda kupinda nguo mtaa mzima, na shati la mumewe limetundikwa sebuleni kifungo kinayumba.

Mwaka wa kwanza wa ndoa uvumilivu ulimshinda, akakishona kile kifungo. Dereva alikwama porini siku tisa na gia iliyovunjika. Tangu siku hiyo kiporo cha Dereva hakikuguswa na mtu.

Na kiporo cha mwisho kilikuwa gari.

Lilikuwa gari kubwa jeusi la kifahari, viti vya ngozi rangi ya maziwa, milango inayojifunga polepole kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Dereva alimwendesha mkurugenzi mmoja kwa gari hilo miaka kumi na minane, na mkurugenzi alipostaafu alimwachia funguo kwa shukrani. Majirani walilibatiza Bwana Mkubwa. Ili Bwana Mkubwa aingie uani, ilibidi geti lipanuliwe na kona ya jiko ichongwe, na kamba ya nguo ihamishwe. Usukani wake ulikuwa kushoto, na ubavuni mwa kiti cha dereva, upande huohuo wa mlango, kulikuwa na vitufe vya kukisogeza mbele, nyuma, juu, chini. Siku za mwanzo Dereva alivichezea hivyo vitufe kama mtoto, anakwenda mbele, anarudi nyuma, mpaka mkewe akamwambia ashuke ale.

Bwana Mkubwa alikuwa na aibu moja tu: alivuja oili. Asubuhi ile ya miaka mitatu iliyopita Dereva alikuwa amefungua boneti, ana spana mkononi, ndipo gari la kampuni mpya likapiga honi nje. Alikuwa amepata kazi ya kuendesha malori ya mafuta katika mji wa mbali, mwendo wa siku mbili. Alifunga boneti, akafuta mikono kwa kitambaa, akamwambia mkewe, "Hiki ndicho kiporo. Nikirudi nitamaliza."

Hakurudi. Mwaka wa kwanza likizo ilikataliwa. Mwaka wa pili kulikuwa na upungufu wa watu. Mwaka wa tatu hakutoa hata sababu, na mkewe hakuuliza kwa kuogopa kuipata. Ila simu alipiga, kila Jumamosi, sauti peke yake kwa kuwa kamera ya simu yake, alisema, ilikuwa mbovu.

Muda huo wote Mama Pindo aliitunza ile kazi nusu kama mtu anayetunza moto usizimike. Kila asubuhi alivuta kipande cha boksi kilicholowa chini ya gari na kusukumia kingine kikavu. Kila Jumamosi, baada ya simu, aliongeza oili, akaingia ndani, akaliwasha gari dakika kumi. Kiti hakukisogeza hata kidogo. Kilikuwa kimekaa kwa miguu ya Dereva, na Dereva alikuwa mrefu, kwa hiyo yeye alikaa ukingoni akinyoosha vidole vya miguu kama mtu anayeoshwa miguu. Oili ilidondokea kwenye ekzosi yenye moto, harufu ya kuungua ikapanda na kuingia ndani ya gari. Hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya mumewe alipotoka kazini. Alikaa mpaka iingie kwenye nguo zake, halafu anazima. Alimtamani mumewe, tuseme ukweli, alimtamani kwa mwili na kwa moyo, na mtu akizoea kulala upande mmoja wa kitanda, ule upande wa pili haupoi, unaganda.

Sasa mtu huyohuyo anasema tafuta fundi amalize, usiningoje.

"Wifi, chai imekuwa maji," alisema dada mkubwa wa Dereva alipoingia jikoni. Wifi huyu alikuwa ameongoza wafuaji wa hospitali miaka thelathini, na tangu astaafu aliishi chumba cha nyuma. Hakuwa na papara, wala hakuwa na adabu nyingi.

"Kaniambia nitafute fundi amalize gari."

Wifi akavuta kiti, akaketi. "Kwa maneno hayohayo?"

"Hayohayo. Na kwamba nisimngoje."

"Basi huyo ana mwanamke."

"Wifi! Si mdogo wako?"

"Ndiyo maana nasema. Ningekuwa simjui ningemtetea."

Hasira ilimjia Mama Pindo, na hasira ina faida yake, humnyanyua mtu. Alinyanyuka, akampigia Fundi Kelele, makanika wa mtaa wa pili, akamwambia aje mchana huohuo. Kama mtu hataki kiporo chake, basi na kiliwe na wengine.

Fundi Kelele alikuja na sauti yake, ambayo ilitangulia getini. Alilala chini ya gari, akapiga mluzi, akatoka na oili puani. "Mama, hapa injini inashuka. Yote. Huku chini kumelowa kote, sijui hata tuanzie wapi."

"Shusha," alisema Mama Pindo.

Fundi akafungua boneti, akachomeka spana kwenye bolti ya kwanza, akajiandaa kusukuma. Mama Pindo aliutazama mkono ule mgeni, mnene, na saa ya dhahabu bandia, umeshika pale alipokuwa ameshika Dereva.

"Toa mkono."

"Mama?"

"Nimesema toa mkono! Na spana yako."

Fundi Kelele alikusanya vifaa vyake huku akitikisa kichwa. "Haya mama. Ila usipoziba ufa, utajenga ukuta."

"Nitaziba mwenyewe."

Fundi alicheka mpaka barabarani. Wifi, aliyekuwa akianika shuka, aliuliza tu, "Utaziba kwa nini, sindano?"

Mama Pindo mwenyewe hakujua. Alichojua ni kwamba mgeni akimaliza kazi ile, mambo yamekwisha. Akiimaliza yeye, kazi itakuwa haijatoka nje ya nyumba. Ni hesabu ya mtu mwenye uchungu, lakini ndiyo aliyokuwa nayo. Alifungua buti la gari kutafuta vifaa vya mumewe, na huko, chini ya kapeti, akakuta pakiti ambayo haijafunguliwa: gasketi mpya ya kifuniko cha juu cha injini, ile mafundi wanayoiita ya tapeti kava, ni mpira mwembamba unaozunguka ukingo wa kifuniko kuzuia oili isitoke. Dereva alikuwa ameinunua tayari. Mtu hanunui kitu cha kazi asiyokusudia kuimaliza. Aliigeuza mikononi kwa muda, akairudisha kwenye pakiti.

Jumapili asubuhi alivaa gauni la zamani, akajifunga kitambaa kichwani, akaanza kama anavyoanza nguo chafu ya mteja: kwanza ioshe ndipo ujue ina nini. Alisugua injini kwa brashi na mafuta ya taa, akafuta, akakausha. Mtu mwenye akili ya duka la nguo anajua kwamba doa halitafutwi lilipoishia, hutafutwa lilipoanzia. Akachukua chaki yake ya kuchorea vitambaa, akaikwangua kwa kisu mpaka ikawa unga, akainyunyiza kuzunguka injini yote iliyokauka, ikawa nyeupe kama keki. Aliliwasha gari, akasubiri, akazima.

Kwenye ule weupe kulikuwa na mstari mmoja mweusi. Haukuanzia chini alikolala Fundi Kelele. Ulianzia juu kabisa, kwenye kona ya nyuma ya kile kifuniko, ukateremka kwa siri mpaka chini na kusingizia injini nzima.

"Wifi, njoo uone!"

Wifi akaja, akatazama, akavuta mdomo. "Na yule alitaka kuishusha yote. Wanaume wengine ukiwapa jipu, watakata mguu."

Injini ilipopoa kabisa alitoa moja moja koili za kuwashia injini zilizokaa juu ya kifuniko, na kila waya akaufunga uzi wa rangi yake: mwekundu, kijani, bluu, manjano, asije akachanganya. Kisha bolti. Za mbele zilikuwa zimekaza kwa miaka; alining'inia kwenye spana mpaka zikalia. Lakini zile mbili za kona ya nyuma, alipozigusa tu, zilizunguka kwa vidole. Zilikuwa zimeshalegezwa.

Alielewa palepale. Dereva alikuwa ameanza. Asubuhi ile, honi ilipolia, alikuwa ameshalegeza mbili, na hakuzirudisha. Hizi bolti mtu wa mwisho kuzigusa alikuwa yeye, na miaka mitatu hakuna mkono mwingine uliopita hapo. Mama Pindo aliegemea ubavu wa gari akiwa amezishika kiganjani, akalia kwa sauti, bila kujificha.

Alipomaliza kulia aliendelea. Kazi haijali machozi ya mtu. Aligonga kifuniko kwa mti taratibu mpaka kikaachia, akabandua gasketi kuukuu iliyokauka na kukatikakatika kama ganda la mkate wa juzi, akafuta ukingo wote mpaka ukang'aa. Gasketi mpya aliilaza kwenye mfereji wake kwa ncha za vidole, kila kona akaiwekea tone la gundi ya silikoni aliyonunua dukani, maana ile ya Dereva ilikuwa imeganda ndani ya mrija. Mikono yake ilijua. Kuna tofauti gani kati ya hii na utepe kwenye shingo ya blauzi? Alirudisha kifuniko, akaanza kukaza bolti kama anavyopinda gauni: akaanzia kona moja, akazunguka, bolti baada ya bolti, kila moja akiikaza mpaka mwisho kabla ya kwenda kwa jirani yake, akarudi pale alipoanzia. Kazi safi. Akasubiri silikoni ishike, akanyunyiza chaki tena, akawasha.

Ilivuja kuliko mwanzo.

Mama Pindo alichukua simu juu ya meza ya kushonea, akampigia Dereva. Hakukuwa na mtu mwingine duniani wa kumuuliza.

"Jumapili?" Sauti ya Dereva ilikuwa na wasiwasi. "Kuna nini? Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa. Nimefungua tapeti kava. Nimebadilisha gasketi, inavuja upande wa nyuma."

"Nani kafungua?"

"Mimi."

"Nilikwambia utafute fundi."

"Nilimtafuta, nikamfukuza. Washa kamera nikuonyeshe."

"Si nilikwambia kamera ni mbovu."

"Sawa. Basi namwita Fundi Kelele aishushe injini yote chini, hapa uani, kwenye mchanga."

Hakika alijua pa kumbana. Dereva angeweza kuvumilia mengi, lakini si injini ya Bwana Mkubwa kulazwa mchangani. Alivuta pumzi, na kamera iliyokuwa mbovu miaka mitatu ikapona.

Mama Pindo aliuona uso wake. Ndevu zilikuwa zimeingia mvi upande mmoja tu. Nyuma yake kulikuwa na kichumba chembamba chenye dirisha la nondo. Alikuwa amevaa shati alilomshonea na kumtumia mwaka jana, na vifungo vilikuwa vimepishana, kimoja kimeruka tundu lake, kola imepanda upande. Alitaka kumwambia jinsi alivyofurahi kumwona. Badala yake akasema, "Hata kufunga shati umesahau?"

"Nionyeshe injini," alisema Dereva.

Akamwonyesha. Na hapo, kwa muda mfupi, akawa ni Dereva wake. Alisogea karibu na simu, macho yakachangamka. "Subiri. Ulikazaje? Kwa kuzunguka? Hapana, hapana, mama wee, hilo si gauni! Ukizunguka unausukuma mpira wote uende kona moja, unajikunja. Ni ile ya nyuma hapo, ndiyo imejikunja, hiyo hapo, hiyo!" Na kwa mazoea ya mtu aliyefundisha madereva wengi, akainua mkono wa kulia kumwonyesha kwa kidole.

Kidole hakikuwepo. Kilikuwepo kidole gumba, na kidole cha mwisho, na katikati yake nyama laini inayong'aa.

Dereva aligundua alichoonyesha baada ya sekunde moja nzima. Kisha kwenye kioo kukawa na dari tu.

"Rudisha uso," alisema Mama Pindo.

"Simu imeanguka."

"Rudisha uso wako, Dereva."

Uso ulirudi, nusu yake. "Mwezi wa kumi na moja," alisema. "Mwaka ule wa kwanza. Mnyororo wa lori. Walinitibu, sina lawama. Sasa nipo getini. Nafungua, nafunga."

"Miaka mitatu," alisema Mama Pindo, na sauti ilianza chini ikapanda. "Miaka mitatu nalala nikimtukana mwanamke! Nimempa sura, nimempa nywele, nimempa na viatu vyekundu, usiku kucha nagombana naye, kumbe ni vidole? Vidole vitatu?"

"Ungetaka nifanye nini? Nilisema nikirudi nitamaliza. Siwezi kushika hata spana. Nirudi nikae nyumbani nikiitazama kazi yangu imelala? Dereva asiye na mkono ni nani? Nilijua nikikwambia utasema rudi, nami nitarudi, halafu kila siku utaniona nikilitazama lile gari." Alimeza mate. "Nimekutamani mpaka nimekuwa naogopa Jumamosi. Nikikata simu siku nzima sifai. Nikaona bora limalizwe, nisiwe na la kurudia, labda moyo utatulia."

"Umetulia?"

"Bado."

Wifi, aliyekuwa amesimama nyuma akijifanya hasikii, alimpokonya mwenzake simu. "Wewe! Mficha maradhi kifo humuumbua, hukufundishwa? Mimi nimefua mashuka ya damu miaka thelathini, leo mdogo wangu ananificha vidole? Na huyu mke wako nimemwambia una mwanamke, umenifanya mwongo!" Sauti ilimkatika, akairudisha simu na kwenda kusimama kwenye kamba ya nguo, kugusagusa shuka ambazo zilikuwa zimekauka zamani.

Mama Pindo alijifuta uso kwa nyuma ya mkono, akaacha mstari wa oili shavuni. "Haya. Nielekeze. Naanza na bolti ipi?"

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Zungumza."

Akazungumza. Alimwambia azilegeze zote, anyooshe mpira uliojikunja, aanzie katikati, kisha apishanishe: moja kulia, moja kushoto, akienda nje kidogo kidogo, asikaze yoyote mpaka mwisho kabla ya nyingine kuifikia. "Kama unapobana pazia pana kwa pini," alisema. "Huanzi pembeni."

"Ungeanza na pazia tungekuwa tumemaliza."

Dereva alicheka, kicheko kidogo chenye kutu. Walikaza bolti kumi na mbili hivyo, yeye akitaja na mkewe akizungusha, na walipofika kwenye zile mbili za kona ya nyuma Dereva alisema polepole, "Hizo nilizianza mimi."

"Najua," alisema mkewe. "Nilizikuta."

Siku mbili boksi lilibaki kavu. Jumanne asubuhi Mama Pindo alilivuta, akaligeuza huku na huku. Halikuwa na hata tone. Ungetegemea angefurahi. Alipiga magoti pale uani akiwa amelishika, na furaha haikuja, kilichokuja ni woga: kazi imekwisha, na kwa sharti la Dereva mwenyewe barabara haina tena sababu ya kumrudisha. Alikuwa ameziba mahali pekee palipokuwa pakimwita.

"Ameahidi kuja?" aliuliza wifi.

"Amesema nimpe muda. Nimeshampa miaka mitatu, nimebakiwa na siku mbili tu. Zinatosha kufika huko."

Wifi alilichukua lile boksi mkononi mwake. "Na wewe unaacha kiporo gani hapa?"

Mama Pindo alinyoosha mkono kuelekea cherehani. Gauni lake mwenyewe la bluu lilikuwa chini ya mguu wa mashine, limepindwa nusu, sindano imezama ndani ya kitambaa. "Hiyo isiguswe na mtu."

"Nani atagusa? Mimi sijui hata uzi unaingilia wapi."

Jumatano alfajiri alitia mkoba na chakula ndani ya gari, akaketi ukingoni mwa kiti kama kawaida, akanyoosha vidole vya miguu. Kuwasha dakika kumi ni jambo moja. Mwendo wa siku mbili ni jingine. Leseni alikuwa nayo, Dereva alimfundisha mwenyewe kwa gari hilihili, lakini kwa kukaa hivi asingefika hata mwisho wa mtaa. Alishusha mkono wa kushoto ubavuni mwa kiti, akasita. Hapo palikuwa mahali pa mwisho palipokuwa bado na kipimo cha mwili wa Dereva. Kisha akabonyeza. Kiti kikanguruma kidogo, kikasogea mbele, mbele, mpaka miguu yake ikakanyaga vizuri.

Alifika Alhamisi alasiri. Ghala la mafuta lilikuwa na ukuta mrefu na geti la chuma la bluu, na kando ya geti kile kichumba chenye dirisha la nondo. Alipiga honi mara moja. Mlinzi alitoka na daftari chini ya kwapa na kalamu kwenye mkono wa kushoto, akija kuandika namba ya gari kama alivyoandika za wengine. Akaiona namba. Akasimama.

Hakumtazama mkewe kwanza, na mkewe hakuudhika, alimjua. Aliinama, akaweka goti moja chini, akachungulia uvungu wa gari ambalo lilikuwa limetembea siku mbili. Alikaa hapo muda mrefu kuliko inavyohitajika kuona kwamba ni pakavu. Aliposimama macho yake yalikuwa mekundu.

"Halivuji," alisema.

"Halivuji."

Mama Pindo alishuka. Alikaribia, akafungua vifungo vya shati lake vilivyopishana, akavifunga upya kimoja kimoja, mpaka kola ikakaa sawa. Mkono wa kulia ulikuwa umefichwa mfukoni. Aliutoa, akaushika kwa mikono yake miwili, pale katikati palipokosa vidole, akaukandamiza shavuni mwake mpaka ukapata joto. Ndani ya geti lori lilipiga honi kutaka kutoka, na mlinzi mwenzake akaja kulifungulia bila kuuliza.

Kisha Mama Pindo aliuachia mkono, akazunguka upande wa pili wa gari, akafungua mlango wa abiria, akaketi na kufunga mkanda.

Dereva alibaki amesimama kwenye mlango wake uliokuwa wazi. Alitazama usukani. Alitazama ukuta wa ghala. Mwishowe akaingiza mguu mmoja, akaingia, na magoti yake yakagonga dashibodi kwa kishindo.

"Nani kasogeza kiti changu?"

"Mimi," alisema mkewe, akitazama mbele. "Hicho ndicho kiporo. Gari nimelimaliza, kiti nimekuachia. Kitufe kiko kushoto."

Aliutazama mkono wake wa kushoto, ule mzima, kana kwamba ndiyo kwanza anaambiwa anao. Aliushusha ubavuni mwa kiti, akapapasa. Kiti kikanguruma, kikaanza kurudi nyuma polepole, na Dereva hakuondoa kidole mpaka kiliporudi mahali pake.